Namna ya Kupima Kasi ya Bei Kabla ya Kununua Hisa: Mwongozo kwa Wanaoanza

Maswali yanayonijia kuhusu hisa hapa Tanga ni yale yale. Mwalimu wa sekondari ananiuliza kama RSI, kipimo cha kasi ya bei chenye namba kati ya 0 na 100, ikishuka chini ya 30 anunue, mchuuzi wa samaki wa Deep Sea ananionyesha kwenye simu mstari wa MACD, kipimo kingine cha kasi ya bei, uliopanda ilhali bei haijasogea hata shilingi 5, na mstaafu mmoja wa Chumbageni anataka kujua ni programu ipi inayotoa ishara za kweli. Nimewajibu mmoja mmoja barazani kwa muda mrefu, na kwa kuwa majibu hayabadiliki, nimeona ni vyema niyaandike yote kwa mpangilio ili mtu ayafuate akiwa na daftari lake mkononi.

Jibu langu kwa wote watatu lina msingi mmoja. Viashiria vya momentamu, yaani vipimo vya kasi ya bei, havikubuniwa kwa soko kama letu. RSI ilitolewa na Mmarekani J. Welles Wilder mwaka 1978, na MACD ni kazi ya Gerald Appel, Mmarekani mwingine wa muongo huohuo. Wote wawili walikuwa wakitazama masoko ambamo mali hubadilisha mikono mchana kutwa. Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambalo wengi tunaliita DSE, lilianza biashara mwaka 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL, na hadi leo zipo kampuni zilizoorodheshwa ambazo hisa zake hupita siku kadhaa bila kuuzwa hata moja. Hesabu ya viashiria ni sahihi hapa kama ilivyo Marekani, lakini thamani ya ishara yoyote haiwezi kuzidi wingi wa biashara iliyoizaa. Ukikisahau kifungu hicho, hatua zote zinazofuata hazitakusaidia.

Kuhusu nadharia, yatosha kukumbuka maji ya bahari yetu. Yanapojaa huenda kwa kasi zaidi katikati ya safari, kisha hupunguza mwendo kabla ya kugeuka, na mvuvi anayetazama kasi hiyo hujua kwamba mgeuko uko karibu ingawa maji bado yanapanda. Viashiria vya momentamu hufanya kazi kama hiyo: havipimi bei iko wapi, bali hupima inakwenda kwa nguvu gani.

Vitu unavyohitaji kabla ya kuanza

- Akaunti ya hisa, yaani akaunti ya CDS, ambayo hufunguliwa kwa kitambulisho cha NIDA kupitia dalali wa soko la hisa mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, au kupitia programu ya DSE iitwayo Hisa Kiganjani. Huhitaji kusafiri hadi Dar es Salaam.
- Ripoti za soko, ambazo DSE huzitoa kila siku ya biashara. Utahitaji bei ya kufungia, yaani bei rasmi ya mwisho wa siku, na idadi ya hisa zilizouzwa kwa angalau wiki 40 zilizopita.
- Lahajedwali yoyote, iwe Excel au Google Sheets, kwenye kompyuta au simu. Daftari la mistari na kikokotoo vinatosha pia, na mimi nilianza hivyo.
- Viwango vya gharama vya dalali wako, vikiwa vimeandikwa. Usikubali kutajiwa kwa mdomo.
- Fedha ambayo hutaihitaji kwa ada ya shule, kodi ya nyumba wala matibabu katika mwaka mmoja ujao.

Tahadhari moja hapa, nayo naisisitiza kwa sababu nimewaona watu wakilia. Mtu anayekutumia ujumbe wa simu akidai kuuza ishara za kununua, kisha akakuomba utume fedha kwenye namba yake binafsi, hafanyi biashara ya hisa. Hisa za DSE hununuliwa kwa dalali mwenye leseni na huandikwa kwa jina lako kwenye akaunti yako ya CDS. Njia nyingine haipo.

Hatua ya 1: Chagua kampuni chache zinazouzwa mara kwa mara

Fungua ripoti za siku 20 za biashara zilizopita na uhesabu, kwa kila kampuni unayoifikiria, ni siku ngapi hisa zake ziliuzwa. Kampuni iliyouzwa siku 16 au zaidi kati ya 20 inafaa kupimwa kwa njia hii. Iliyouzwa chini ya siku 10 iache kabisa, hata kama ni kampuni nzuri yenye gawio zuri (sehemu ya faida inayolipwa kwa wanahisa), kwa sababu uzuri wake utauona katika hesabu zake za mwaka, hutauona katika kasi ya bei yake. Kwa kawaida benki kubwa kama CRDB na NMB hupita kipimo hiki bila shida, na zipo nyingine chache. Hata hivyo usiichukue orodha yangu wala ya mtu mwingine, kwani wingi wa biashara hubadilika na utauona mwenyewe ukihesabu.

Anza na kampuni 3. Anayeanza na 15 huchoka kabla ya mwezi kwisha.

Hatua ya 2: Andika bei za wiki, usitumie za siku

Hili ndilo jambo ninalotofautiana nalo na mafundisho mengi ya mtandaoni, na sababu yake inahitaji kuelezwa vizuri. Katika hesabu ya Wilder, siku ambayo bei haikubadilika huhesabiwa kuwa na kupanda sifuri na kushuka sifuri. Wastani wa kupanda na wastani wa kushuka hupungua kwa kiwango kilekile, na kwa hiyo uwiano wao haubadiliki hata kidogo. Matokeo yake ni kwamba hisa isiyouzwa kwa siku 10 inaweza kuonyesha RSI ya 28 kwa siku zote 10, na anayeanza huamini kwamba soko linamwambia kila asubuhi kuwa hisa ni rahisi, ilhali soko limenyamaza kimya. Bei za wiki hupunguza ukimya huo kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa ni nadra kwa kampuni iliyopita Hatua ya 1 kumaliza wiki nzima bila biashara ya kutosha.

Kwa hiyo kila Ijumaa jioni andika mstari mmoja kwa kila kampuni. Katika lahajedwali, mstari wa 1 uwe wa vichwa, na bei ya kwanza ianze mstari wa 2. Safu ya A iwe tarehe, B bei ya kufungia ya Ijumaa, C jumla ya hisa zilizouzwa wiki nzima, na D idadi ya siku zilizokuwa na biashara. Ikiwa Ijumaa ilikuwa sikukuu, tumia siku ya mwisho ya biashara katika wiki hiyo.

Unapojaza safu ya C, ondoa mauzo makubwa yaliyopangwa kabla kati ya muuzaji na mnunuzi wanaofahamiana, ambayo hupita katika ubao wake maalumu. Yanaweza kuwa ya mamilioni ya hisa kwa siku moja, nayo hayasemi chochote kuhusu hamu ya wanunuzi wa kawaida.

Hatua ya 3: Safisha bei zilizovurugwa na gawio au mgawanyo wa hisa

Kampuni ikitangaza gawio, huweka tarehe ambayo anayenunua baada yake hapati gawio hilo, na bei mara nyingi hushuka baada ya tarehe hiyo. Kushuka huko hakutokani na wanunuzi kukata tamaa. Ni fedha iliyotoka kwenye kampuni kwenda kwa wanahisa. Kiashiria hakijui tofauti hiyo. Hisa ya shilingi 600 ikitoa gawio la shilingi 40 na kushuka hadi 560, RSI itaona pigo kubwa, na wiki chache baadaye bei ikirudi kidogo utapewa ishara ya kununua isiyo na msingi. Dawa yake ni kupunguza shilingi 40 kutoka katika bei zote zilizotangulia tarehe hiyo, ndipo uhesabu upya. Hisa ikigawanywa, kwa mfano moja kuwa 10, gawanya bei zote za nyuma kwa 10 na uzidishe idadi ya hisa zilizouzwa kwa 10.

Zaidi ya hapo, kuwa macho kati ya Aprili na Juni, kwa sababu kampuni nyingi zinazofunga hesabu Desemba hutangaza na kulipa gawio katika kipindi hicho.

Hatua ya 4: Hesabu RSI ya wiki 14

Tuchukue kampuni ya kufikirika ambayo bei zake za Ijumaa kwa wiki 15 ni hizi: 500, 510, 505, 505, 495, 490, 480, 480, 470, 475, 470, 465, 470, 480 na 490. Andika bei hizo kwenye karatasi sasa hivi na ufanye hesabu pamoja nami, maana kusoma tu hakufundishi.

Kwanza tafuta badiliko la kila wiki. Katika safu ya E, mstari wa 3, andika =B3-B2 na uishushe hadi mwisho. Katika F3 andika =MAX(E3,0), ambayo ni kupanda, na katika G3 andika =MAX(-E3,0), ambayo ni kushuka. Utapata mabadiliko 14; jumla ya kupanda ni shilingi 40 na jumla ya kushuka ni shilingi 50.

Pili, tafuta wastani wa kwanza. Katika H16 andika =AVERAGE(F3:F16) na katika I16 andika =AVERAGE(G3:G16). Utapata 2.86 na 3.57.

Tatu, katika J16 andika =100-100/(1+H16/I16). Uwiano ni 0.8, na RSI ni 44.4.

Nne, kwa wiki zinazofuata usichukue tena wastani wa kawaida. Katika H17 andika =(H16*13+F17)/14, na katika I17 andika =(I16*13+G17)/14, kisha shusha fomula ya J kama ilivyo. Ukifunga wiki ya 16 kwa bei ya 505, RSI itakuwa 52.9. Ukifunga wiki ya 17 kwa 515, itakuwa 57.5. Ikiwa umepata namba hizo, lahajedwali yako iko sawa na unaweza kuingiza bei za kampuni ya kweli.

Sasa kuhusu kuisoma. Vitabu husema chini ya 30 hisa imeuzwa kupita kiasi na juu ya 70 imenunuliwa kupita kiasi, na hapo ndipo swali la yule mwalimu linapotoka. Mimi sinunui kwa sababu RSI iko chini ya 30. Hisa inayoporomoka inaweza kukaa chini ya 30 kwa miezi huku bei ikiendelea kushuka kila Ijumaa, na kila anayeingia akidhani amefika chini hujikuta juu ya wenzake watakaoingia baadaye. Ninachokitafuta ni RSI ya wiki iliyokuwa chini ya 50 ikavuka na kufunga juu yake, kwa kuwa mstari wa 50 ndio mahali ambapo wastani wa kupanda unaushinda wastani wa kushuka. Nitachelewa kidogo na nitanunua ghali kidogo kuliko aliyebahatika kununua chini kabisa, na ninakubali gharama hiyo.

Hatua ya 5: Hesabu badiliko la bei kwa wiki 12

Kipimo hiki huitwa ROC na ni rahisi kuliko vyote: ni asilimia ambayo bei imebadilika ikilinganishwa na wiki 12 zilizopita. Katika K14 andika =(B14/B2-1)*100 na uishushe. Katika mfano wetu, wiki ya 15 bei ni 490 na wiki ya 3 ilikuwa 505, kwa hiyo ROC ni pungufu ya sifuri kwa asilimia 3 hivi. Wiki ya 16 ni sifuri kamili, kwa kuwa 505 inalinganishwa na 505. Wiki ya 17 ni asilimia 4, kwa sababu 515 inalinganishwa na 495.

Ninaihitaji ROC kwa sababu RSI inaweza kuvuka 50 kwa mruko mmoja mdogo. ROC ikiwa juu ya sifuri, najua kwamba aliyenunua miezi mitatu iliyopita yuko kwenye faida kabla ya gharama na hana haraka ya kuuza ili kujinasua.

Hatua ya 6: Ukitaka, ongeza MACD

Hatua hii si ya lazima, nami mwenyewe huiangalia mwishoni. MACD ni wastani wa haraka wa vipindi 12 ukitolewa wastani wa polepole wa vipindi 26. Wastani wa tofauti hiyo kwa vipindi 9 ndio mstari wa ishara. Kila wastani huhesabiwa hivi: bei ya wiki hii (au tofauti hiyo, kwa mstari wa ishara) mara kizidishi, jumlisha wastani wa wiki iliyopita mara (1 - kizidishi). Vizidishi ni 2/13 kwa vipindi 12, 2/27 kwa vipindi 26, na 2/10 kwa vipindi 9. Mstari wa MACD ukivuka mstari wa ishara kwenda juu, kasi inaongezeka. Kwa bei za wiki utahitaji kama wiki 35 kabla ya namba hizo kuwa na maana, na ndiyo sababu nilitaja wiki 40 mwanzoni.

Usiongeze viashiria vingine juu ya hivi vitatu. Vyote hutengenezwa kwa bei ileile, na vikikubaliana havikupi mashahidi watatu. Ni shahidi mmoja aliyeulizwa mara tatu. Shahidi wa pili wa kweli ni wingi wa biashara, na huyo tunamwita sasa.

Hatua ya 7: Linganisha ishara na wingi wa biashara

Mtu mmoja akinunua tenga moja la vibua pale Deep Sea alfajiri kwa bei ya juu kwa sababu ana shughuli nyumbani, hakuna mchuuzi atakayesema kwamba bei ya vibua Tanga imepanda. Atasubiri aone matenga mengine yanakwendaje. Katika hisa, wengi wetu tunasahau hekima hiyo tuliyozaliwa nayo, kwa sababu namba iko kwenye kioo cha simu na ina rangi ya kijani.

Nina masharti mawili. Hisa zilizouzwa katika wiki ya ishara ziwe nyingi kuliko wastani wa wiki 12 zilizotangulia, na ziwe zimeuzwa katika siku 4 au 5 za wiki hiyo. Tuseme katika mfano wetu wastani ni hisa 40,000 kwa wiki. Wiki ya 16 RSI ilivuka 50, lakini zikauzwa hisa 18,000 tu kwa siku 2. Hapo sinunui, na ROC nayo ilikuwa sifuri. Wiki ya 17 zikauzwa hisa 95,000 kwa siku 5, RSI ikapanda hadi 57.5 na ROC ikawa asilimia 4. Hiyo ndiyo ishara ninayoikubali, ingawa bei imeshaongezeka shilingi 10.

Niliwahi kuipuuza hatua hii. Niliona RSI nzuri ya kampuni moja ambayo sitaitaja, nikanunua hisa nyingi kwa pamoja kutoka kwa muuzaji mmoja aliyekuwapo, na nilipotaka kutoka nikakaa wiki saba bila mnunuzi kwa bei iliyoandikwa kwenye ripoti. Bei ile ilikuwa ya kweli, lakini watu wa kuilipa hawakuwapo. Tangu hapo sinunui hisa zinazozidi sehemu moja ya kumi ya wastani wa mauzo ya wiki, ili siku ya kutoka niweze kupita mlangoni.

Hatua ya 8: Piga hesabu ya gharama kabla ya kubonyeza

Kila unaponunua na kila unapouza, unalipa kamisheni ya dalali pamoja na ada za soko, za mamlaka na za hifadhi ya hisa. Weka viwango vya dalali wako. Kwa mfano huu tuchukue asilimia 2 kwa kila upande. Ukinunua kwa 515, kila hisa imekugharimu shilingi 525.30. Ili ukiuza upate kiasi hichohicho baada ya makato, lazima bei ifike 536. Kwa maneno mengine, bei isipopanda kwa zaidi ya asilimia 4 hujapata chochote.

Hesabu hiyo peke yake inaeleza kwa nini mbinu za kuingia na kutoka ndani ya siku 2 au 3, zinazofundishwa na watu wa masoko yenye ada ndogo sana, hazifai kwetu. Ishara ya momentamu kwenye DSE lazima iwe ya miezi. Ukiona kwamba historia ya miaka miwili ya hisa hiyo haina hata kipindi kimoja cha kupanda zaidi ya asilimia 10, hakuna kiashiria kitakachokuletea faida hapo.

Hatua ya 9: Weka oda yenye kikomo cha bei

Mwambie dalali, au andika kwenye programu, bei ya juu kabisa utakayokubali kulipa. Usiseme "ninunulie kwa bei ya soko," kwa sababu pale wauzaji wanapokuwa wachache, bei ya soko ni ile atakayoitaka muuzaji aliyebaki. Gawa oda yako mara mbili au tatu kwa wiki mbili, na uulize oda inadumu kwa siku ngapi kabla ya kufutika yenyewe.

Hatua ya 10: Andika sababu ya kutoka siku ileile unayoingia

Katika daftari andika tarehe, bei, RSI, ROC, wingi wa biashara, na jambo litakalokufanya uuze. Mimi huuza RSI ya wiki inapofunga chini ya 45. Sitoki kwa 50, kwani hisa inayoyumba kati ya 49 na 51 ingeniingiza na kunitoa mara nne kwa mwaka, na kila mzunguko ungenigharimu asilimia 4. Wengine hupenda kutoka ROC inaporudi chini ya sifuri, nayo si mbaya. Chagua moja kabla ya kununua. Ukisubiri hadi bei ishuke, utachagua ile inayokuruhusu kuendelea kushikilia.

Mambo yakikwama

Lahajedwali inaonyesha #DIV/0! kwenye RSI. Maana yake wastani wa kushuka ni sifuri. Ikiwa bei ilipanda angalau mara moja, RSI ni 100, nayo kwa hisa isiyo na biashara nyingi ni onyo la ukimya kuliko dalili ya nguvu. Ikiwa bei haikubadilika kabisa kwa wiki zote 14, RSI haina maana yoyote na hisa hiyo ingepaswa kuondolewa kwenye Hatua ya 1.

Fomula inakataliwa kabisa. Baadhi ya simu na kompyuta zinataka nukta-mkato badala ya mkato ndani ya fomula, yaani =MAX(E3;0). Angalia pia kama uliandika bei kwa mkato wa maelfu. "1,200" wakati mwingine husomwa kama maneno. Andika 1200.

RSI yangu hailingani na ya programu ya simu. Mara nyingi programu inatumia bei za siku, au wastani wa kawaida badala ya ule wa Wilder, au historia yake imeanza mapema kuliko yako. Tofauti inayotokana na mwanzo wa historia hupungua wiki zinapoongezeka. Ile ya aina ya bei haiishi. Amini ile unayojua imehesabiwaje.

Bei inapanda lakini RSI inashuka. Bei na kiashiria vinapishana, dalili kwamba kila hatua ya kupanda ina nguvu ndogo kuliko iliyotangulia. Usiongeze hisa. Usiuze pia kwa sababu hiyo peke yake, kwa kuwa mpishano unaweza kudumu muda mrefu kabla bei haijageuka.

Bei imeruka ghafla baada ya habari. Wakazi wa Tanga tuna mfano wa nyumbani. Oktoba 2021 ilitangazwa nia ya kampuni ya Scancem kununua asilimia 68.33 ya Tanga Cement, ambayo kiwanda chake kiko Pongwe, kutoka kwa kampuni ya AfriSam. Shauri likapita kwenye vyombo vya ushindani wa biashara, ununuzi ukakamilika mwaka 2023, na mwaka 2024 Scancem ikauza hisa zake katika kiwanda hicho kwa kampuni ya Amsons. Katika kipindi kama hicho bei husogezwa na uamuzi wa mamlaka na bei iliyoahidiwa katika mkataba, na hakuna RSI inayoweza kujua baraza litaamua nini wiki ijayo. Weka viashiria pembeni, soma matangazo ya kampuni kwa DSE neno kwa neno, na urudi kwenye lahajedwali shauri likishaisha.

Ishara imekamilika lakini oda yangu haijanunua. Wauzaji wanataka zaidi ya kikomo chako. Subiri hadi Ijumaa. Ikiwa bei ya kufungia imezidi kikomo chako kwa zaidi ya asilimia 4, nafasi hiyo imepita. Futa oda na uiache. Ikiwa haijazidi hapo, jaza mstari mpya wa wiki, hesabu upya RSI, ROC na wingi wa biashara, na kama vyote bado vinakubali, weka kikomo kipya Jumatatu asubuhi kwa nusu ya idadi uliyokusudia mwanzo.